Kibaba cha Mtoto Kisipimwe kwa Hasira

Wahenga wetu waliosema kwamba haba na haba hujaza kibaba walikuwa watu wa vipimo. Kila nyumba ya pwani ilikuwa na kibaba chake na pishi yake, na mama mwenye busara hakununua mchele kwa macho wala hakupokea unga kwa kukisia. Lakini leo, ndugu msomaji, kiko kitu kimoja kizito kuliko mchele ambacho sisi Waislamu tungali tunakipima kwa macho, nacho ni matunzo ya mtoto ambaye wazazi wake wameachana. Talaka ikishatoka, mama hutaja kiasi kwa uchungu wake, baba naye hutaja kiasi kwa ghadhabu zake, kisha wazee wakakata katikati kama watu wanaopatana bei ya mbuzi. Kiasi hicho kikaitwa haki ya mtoto. Mimi nasema hiyo si haki yake, kwani katika mkutano mzima hakuna aliyeuliza mtoto anakula nini, analala wapi na anasoma kwa gharama gani.

Nimeuchukua mji wa Eldoret kuwa mfano, wala si kwa kubahatisha. Kwanza, mji huo ambao ulipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024 hauko mbali nasi kama ramani inavyotudanganya. Barabara kuu itokayo bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Uganda hupita hapo hapo. Wamo watu wa pwani walioufuata kwa biashara, wamo madereva wa malori wenye nyumba mbili, moja huku na moja huko, na wako Wanubi, Wasomali na Waswahili waliozaliwa na kulelewa huko. Ndoa zinafungwa huko, na talaka zinatoka huko kama zinavyotoka Mombasa na Malindi.

Pili, riziki za Eldoret haziji kwa mwezi. Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mahindi mwezi wa Machi au Aprili, akangoja mpaka kuanzia Oktoba ndipo avune. Mwanariadha hukaa miezi akifanya mazoezi kwa mfuko mtupu, kisha akapata katika mbio moja fedha ambazo karani hazioni kwa miaka. Dereva hulipwa kwa safari, na mwenye bodaboda huhesabu kwa siku, tena siku ya mvua si sawa na siku ya jua. Ukiwaamuru watu hawa wote watoe elfu tano kila mwisho wa mwezi, umetoa amri rahisi kuandikika na ngumu kutekelezeka. Mkulima atakosa mwezi wa Juni, na mwanariadha aliyeshinda atakuwa ametoa kidogo mno kuliko uwezo wake. Na anayelala njaa baina ya hayo mawili ni mtoto.

Nafaka ni nini?

Lugha yetu wenyewe ina somo hapa. Eldoret ni nchi ya nafaka. Maghala ya Bodi ya Nafaka yako huko. Neno hilo nafaka asili yake ni Kiarabu, nafaqa, yaani matumizi na matunzo. Wazee wetu walilichukua likawa na maana mbili: mahindi, mtama na mpunga kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kile anachopasiwa mume kumpa mke na baba kumpa mwana. Kwao matunzo yalikuwa chakula kilichomo ghalani, kitu cha kupimika, wala hayakuwa maneno matupu ya kuahidiana.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, walilipima jambo hili kwa makini. Nafaka ya mke waliikadiria kwa mudi za chakula cha mji kila siku: mume tajiri mudi mbili, wa kati mudi moja na nusu, na maskini mudi moja. Mudi nne hufanya swaa moja, kama vile vibaba vyetu vinne hufanya pishi. Lakini walipofika kwa mtoto hawakutaja mudi wala nusu mudi. Walisema apewe cha kumtosha, basi. Na kutosha huko huangaliwa kwa umri wake na hali yake: anyonyaye si sawa na wa miaka kumi, na mwenye afya si sawa na mgonjwa.

Ukitafuta asili ya neno hilo kutosha utaiona katika kisa cha Hind bint Utba, alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni mchoyo wa matumizi. Aliruhusiwa achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Hakutajiwa idadi ya dirhamu. Kwa upande wa mtoaji, Qur'ani katika Sura At-Talaq imempima kila mtu kwa hali yake, mwenye wasaa kwa wasaa wake na mwenye dhiki kwa kile alichojaaliwa. Na katika Al-Baqara, aya ya 233, wazazi wote wawili wamekatazwa kumfanya mtoto kuwa fimbo ya kupigana. Basi mizani tayari tunayo, na ina sahani mbili: mahitaji ya mtoto upande huu, na uwezo wa mzazi upande ule. Kosa letu ni kwamba tunazungumza sahani moja tu, ile ya mfuko wa baba, na hata hiyo twaizungumza kwa kelele.

Sheria za serikali zasemaje?

Sheria ya Kenya nayo imepita njia ndefu. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa nafasi ya kumdai baba matunzo ya mtoto, na mwaka 1969 Bunge likaifuta, mlango ukafungwa. Ilipokuja Sheria ya Watoto ya 2001, mahakama ilipewa orodha ya mambo ya kutazama kabla ya kutaja kiasi: mapato ya kila mzazi na mali yake, wajibu mwingine alio nao, mahitaji ya mtoto, ugonjwa au ulemavu wake, namna anavyosomeshwa, na hata mila na dini ya wahusika. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaongeza kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 imefuata njia hiyo hiyo. Mpaka leo Kenya haina hesabu maalumu ya kusema mtoto mmoja ni asilimia kadhaa ya mshahara; kila kesi hupimwa peke yake, na wazazi huapa mapato yao kwa maandishi.

Wako wasomaji watakaouliza: ikiwa Katiba yasema jukumu ni sawa, na fiqhi yasema mzigo ni wa baba, tufuate lipi? Swali ni zuri, lakini ugomvi wake ni mdogo kuliko udhaniwavyo. Usawa wa jukumu si nusu kwa nusu ya shilingi. Mama anayekaa na mtoto usiku na mchana, akampikia, akamfulia na kumuuguza, tayari anatoa fungu lake, na wanazuoni wetu walilijua hilo hata wakampa mwenye kulea haki ya ujira wa malezi. Anayelea kwa mikono yake asihesabiwe kuwa hatoi kitu.

Wengine, waliozoea habari za ng'ambo, husema dawa ni asilimia. Uingereza, ambako wako jamaa zetu wengi, ofisi ya serikali huchukua asilimia 12 ya pato la mzazi kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili na 19 kwa watatu au zaidi, kwa wale wenye pato la kati, na hupunguza mtoto anapolala kwa mzazi huyo masiku mengi ya mwaka. Jimbo la Wisconsin huko Marekani hutumia asilimia 17 kwa mtoto mmoja na 25 kwa wawili. Njia hii ina uzuri wake, kwani kila mtu anajua kiasi kabla ya kugombana. Lakini asilimia hutaka mshahara unaojulikana na mwajiri anayeweza kuukata. Mwenye shamba la kukodi na mwenye bodaboda, nani atakayeijua asilimia yao?

Wako tena wanaotaka kiasi kimoja kilichoandikwa na kwisha. Hao na watazame Tanzania. Huko sheria ya zamani ya wakati wa Waingereza, ya mwaka 1949, iliweka shilingi mia moja kwa mwezi kuwa upeo wa matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa. Zamani hizo mia moja zilikuwa fedha. Bei zikapanda, mia moja ikabaki pale pale kwenye kitabu, hata ikawa haitoshi kununua kipande cha sabuni, na sheria hiyo haikuondoka mpaka ilipokuja Sheria ya Mtoto ya 2009. Kiasi kisichotazamwa upya huoza kama mahindi yaliyotiwa ghalani yakiwa mabichi.

Hesabu yenyewe

Basi tufanyeje? Shauri langu ni kwamba tuanze na mtoto, kisha ndipo tuwaendee wazazi. Wazee wa pande mbili wakikaa, kabla hajasema mtu neno la talaka wala la nani alimkosea nani, iletwe karatasi na yaandikwe mahitaji ya mtoto moja moja.

Tuchukue mfano wa kutunga, ili hesabu ionekane. Mtoto wa miaka minane anakaa na mama yake Eldoret. Chakula chake kwa mwezi tuseme shilingi 4,500. Fungu lake katika kodi ya nyumba 2,000. Skuli, yaani karo, sare na vitabu, 24,000 kwa mwaka, sawa na 2,000 kwa mwezi. Madrasa 500. Nguo za mwaka pamoja na za Idi 6,000, sawa na 500 kwa mwezi. Dawa 500. Maji, taa, sabuni na nauli 1,000. Jumla ni shilingi 11,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kibaba cha mtoto huyo, na hakuna ndani yake tusi wala kisasi.

Sasa twende kwa wazazi. Baba analima mahindi kwenye shamba la kukodi, na baada ya kutoa kodi ya shamba, mbolea, mbegu na trekta, hubakiwa na 360,000 kwa mwaka. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi, ingawa hazioni kila mwezi. Mama anauza mahamri na chai, akabakiwa na 10,000. Wakigawana kwa uwezo, baba ana robo tatu za pato lote na mama robo moja: baba 8,250 na mama 2,750. Wakifuata fiqhi, na baba akawa anaweza, yote 11,000 ni yake. Wazee na waseme wazi ni mizani ipi wanayoitumia, ili asije mtu kesho akadai kwamba alidanganywa. Lakini ona jambo moja: kama tungechukua ile asilimia 12 ya Waingereza juu ya 30,000, baba angetoa 3,600 tu, na ile 17 ya Wisconsin ingemtoa 5,100. Hakuna hata moja inayofikia nusu ya mahitaji ya mtoto huyu. Vipimo hivyo vimeshonwa kwa miili mingine. Ukivivaa hapa vitakubana.

Likabaki suala la lini. Tukishika njia ya kugawana, 8,250 kwa miezi kumi na miwili ni 99,000. Mkulima huyu akishauza mahindi yake Disemba, na alipe wakati huo 30,000 za skuli na nguo za mwaka mzima, kwani Januari skuli zinafunguliwa na fedha ziko mkononi. Zinabaki 69,000, sawa na 5,750 kwa mwezi. Na akitaka kutoa magunia ya mahindi badala ya sehemu ya fedha hizo, na yahesabiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo, kila gunia la kilo 90 liandikwe. Mwanariadha naye na atoe kidogo kila mwezi, na fungu kubwa kila apatapo zawadi. Hivyo ndivyo kumpima mtu kwa hali yake. Kumlazimisha mkulima awe karani ni kumfundisha uongo.

Visingizio

Hapana budi tuseme pia juu ya visingizio, maana vinajulikana katika kila mtaa. Cha kwanza ni cha baba: "Simpi kitu mpaka nimwone mwanangu." Cha pili ni cha mama: "Hamwoni mpaka alipe." Wote wawili wamemfanya mtoto rehani. Matunzo ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake pia ni haki ya mtoto. Hakuna kati yao anayemiliki haki hizo hata azifungie kabatini.

Cha tatu: "Nimeoa tena, nina watoto wengine." Hilo si neno la kupuuzwa, sheria hutazama wajibu mwingine wa mtu, na wanazuoni wanaitambua nafaka ya mke mpya. Lakini mtoto wa pili hamfuti wa kwanza. Kama kilichopo hakitoshi, kigawanywe kwa wote, wala asiwe mmoja anakula kuku na mwenziwe anapelekewa salamu.

Cha nne: "Nikimpa fedha atazila yeye." Huenda ikawa kweli kwa wachache, lakini dawa yake ni nyepesi. Karo ilipwe skuli moja kwa moja, ada ya madrasa apewe mwalimu, na zilizobaki zipelekwe kwa M-Pesa. Tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, kila shilingi ina shahidi asiyesahau. Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Baba anayelipa na aitunze kumbukumbu, na mama anayepokea vivyo hivyo.

Usingoje mwaka upite

Nimeliweka mwisho jambo ambalo naliona zito kuliko yote, na ambalo akina mama wengi hawajaambiwa. Katika madhehebu ya Shafi, nafaka ya mke isiyolipwa huwa deni shingoni mwa mume hata miaka ipite. Nafaka ya mtoto si hivyo. Siku iliyopita imepita. Haiwi deni ila Kadhi awe ameikadiria au ametoa idhini ikopwe kwa dhamana ya baba. Maana yake ni nini? Ni kwamba mama anayestahi kwenda kwa Kadhi, akakopa dukani, akauza bangili zake, akangoja baba alainike moyo, huenda baada ya miaka mitatu akaambiwa kwamba hana cha kudai kwa siku hizo. Stahi yake imemlisha baba na kumnyima mwana. Kwa hivyo mapatano ya wazee yasiishie kwenye kahawa na Fatiha. Yaandikwe, yapelekwe mahakamani, yapewe nguvu ya amri.

Eldoret iko mahakama ya Kadhi, na mahakama ya watoto pia iko. Katiba, kifungu cha 170, imempa Kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa za Kiislamu na zikikubali kuhukumiwa naye. Juu ya matunzo ya watoto, hukumu za Mahakama Kuu hazikuwa za kauli moja siku zote. Baadhi zimesema kazi hiyo ni ya mahakama ya watoto. Asiyekubali kwenda kwa Kadhi hawezi kulazimishwa, na hapo mlango wa mahakama ya watoto uko wazi. Uko wazi vile vile kwa mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye fiqhi haimnasibishi na baba, lakini Katiba imemtaja waziwazi. Mtoto huyo naye ana tumbo.

Nina ombi moja kwa makadhi na maimamu wetu, wa bara na wa pwani. Na itengenezwe karatasi ya safu tatu: safu ya mahitaji ya mtoto, safu ya mapato ya baba kwa msimu wake, na safu ya mapato ya mama. Iwekwe katika ofisi ya Kadhi na misikitini, na wasuluhishi wasikae bila ya karatasi hiyo. Na chini yake iandikwe kwamba itatazamwa upya kila mwaka kabla skuli hazijafunguliwa, kwani mtoto hukua, viatu vinambana, na bei za vitu hazingoji mtu.

Talaka imehalalishwa kwa watu wawili walioshindwana. Hakuna aya wala hadithi iliyosema kwamba mtoto naye ameachwa. Ndoa ikishavunjika, na ipimwe kila siku pishi ya haki katika nyumba alimo mtoto, ipimwe kwa kipimo kilichojaa, na mpimaji asiwe hasira. Mwenye shauri lililo bora kuliko hili na alilete, tulisome sote.